Sauti ya Etienne Mwishoni mwa Kaseti

Bunia, hapa kwetu Saio, mchana wa kuamkia safari yako

Gisèle mwanangu,

Umekwenda Shari kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachia kabla hajakulisha mara mbili. Kwa hiyo nina saa tatu hivi za kukaa peke yangu. Nimesogeza cherehani pembeni, naandika juu ya meza ya kushonea. Ukikuta vipande vya uzi ndani ya bahasha, ujue vimetoka hapa.

Sitakuandikia habari ya kuchemsha maji, wala ya kuvaa sweta kwenye pikipiki, wala ya wanaume wa Kisangani. Hayo nimeyasema wiki nzima hadi umeanza kuyamalizia mwenyewe kwa sauti yangu. Tena unaniiga vizuri, usidhani sikuwasikia wewe na jirani mkicheka jikoni. Leo nataka kuandika juu ya jambo nililolikwepa miaka mitatu, nalo ni ile Jumapili ya kaseti. Nakuomba usome mpaka mwisho, hata ukikasirika katikati.

Uliponiambia kikundi cha michezo cha Kisangani kimekubali kukuchukua, nilifurahi hadi nikaunguza kitambaa cha mteja kwa pasi. Halafu ukasema utakwenda kushughulikia nguo za waigizaji. Nguo! Wewe ambaye ulijua ni nani anaingia uani kwa kusikia kandambili zake tu! Nilikuuliza kwa nini usishike muziki, ukajibu, "Mama, mimi na muziki tulimalizana," ukaendelea kukunja vitenge vyako. Mtu mwenye haki ya kukubishia angebisha, lakini mimi sikuwa na haki hiyo, na sababu yake ndiyo hii ninayotaka kukueleza.

Unakumbuka tulivyoanza kile kikundi chetu cha parokia. Baba yako alikuwa amefariki, mimi nilikuwa nashona mchana na kutunga michezo jioni, na wewe ulikuwa na miaka saba, kazi yako ikiwa mvua. Nilikupa ungo na maharage makavu, ukakaa nyuma ya rido, lile pazia la jukwaa, na kuyazungusha polepole. Ukumbini watu waliinua macho kutazama dari. Ngurumo ilikuwa kazi yangu, nilitikisa kipande cha bati. Vita ilipofika tuliacha ngurumo, kwa maana siku moja nilipolitikisa, watu wa mabenchi yote ya nyuma walitoka kupitia madirisha, na mzee mmoja akatuachia kiatu kimoja ambacho hakurudi kukichukua. Tulicheka sana, lakini bati nililirudisha juu ya banda la kuku siku ileile.

Hayo ya mvua na ngurumo niliyaelewa. Muziki sikuuelewa hata kidogo. Nilidhani ni kitu cha kuziba pengo watu wanapobadilisha nguo, basi. Nilikuwa nikimwambia yeyote mwenye ngoma, "Piga kidogo pale, halafu nyamaza." Ndivyo nilivyokuwa nikiwapoteza wapigaji mmoja baada ya mwingine, nami nikiwaita wavivu.

Papa Etienne alikuja kwetu kutengeneza baiskeli. Mwalimu Faustin, mwigizaji wetu mkubwa, alikuwa ameiacha mlangoni mwa ukumbi ikiwa na mnyororo uliokatika, na Etienne, fundi wa baiskeli, alikuja kuifunga. Alipomaliza hakuondoka. Aliketi benchi la mwisho akitazama mazoezi, mikono ina grisi, akigongagonga ubao kwa vidole. Nilikuwa karibu kumfukuza nilipogundua kwamba kila anapoacha kugonga, mimi jukwaani naacha kupumua. Nikamwambia arudi kesho na ngoma. Alirudi, amechelewa, kama alivyochelewa kila siku tangu hiyo, na visingizio vyake unavijua: tairi ya mtu, mvua ya mtu, pombe ya mandro ya jirani ambayo ni dharau kuikataa.

Jambo la kwanza aliloniuliza lilinikera.

"Mama Gisèle, mu hii muchezo, ngoma inajua nini?"

"Ngoma ni ngoma," nikamjibu. "Itajua nini?"

"Kama haijue kitu, mi napiga ya nini?"

Nilimwona mjuaji. Lakini nikaenda nyumbani na swali lake, na ndipo nikaupanga upya ule mchezo wa matanga. Unaujua kwa moyo: mume amekwenda kuchimba dhahabu, habari zinakuja kwamba amefunikwa na udongo, mke anamwekea matanga, na katikati ya kilio mume anatokea mlangoni akiwa mzima. Mimi nilikuwa mjane, Faustin alikuwa mume. Zamani Faustin alikuwa akiingia tu, watu wanapiga kelele. Etienne alibadilisha. Ngoma ya matanga ilikuwa ikienda, nami nimeinama nalia, na ghafla ngoma inakatika. Hakuna aliyeingia bado. Ngoma ndiyo imemwona kwanza. Watazamaji walikuwa wakigeuka mlangoni kabla mimi sijainua kichwa, na mara nyingine mama mmoja alikuwa analia kwa furaha wakati Faustin bado anavuta kandambili zake nje.

Na kila mara aliikata mahali tofauti. Alikuwa akiutazama mgongo wangu. Siku niliyochoka aliikata mapema, siku niliyokuwa na kilio kirefu alinisubiri. Sikuwahi kumwambia lolote, alinisoma mabega. Wewe ulikuwa umeketi karibu naye na ungo wako miguuni, na kidogo kidogo akaanza kukuachia upige sehemu za wanawake wanaofika matangani. Ulikuwa na mkono mwepesi. Aliniambia, "Huyu mutoto anasikia batu hata mbele hawajasema," nami nikajivuna wiki nzima.

Kabila lake sitaliandika, kwa sababu barua hii itapita barieri nyingi za askari mfukoni mwako. Unalijua. Unajua pia kwamba kabla ya vita tulilijua bila kulifikiria.

Ile wiki ukumbi ulipofunguliwa tena baada ya miezi ya kufungwa, Papa Siméon, aliyekuwa akishika funguo zake, alikuja hapa nyumbani. Alikuja na vijana wawili ambao hawakuvua kofia. Wewe ulikuwa shuleni. Aliketi pale penye kiti cha wateja.

"Mama Gisèle, muchezo iko muzuri, siye wote tunautaka," akasema. "Lakini ule mupiga ngoma, hapana. Batu ya huku hawatakubali kumuona pale juu."

Kijana mmoja akaongeza, bila kunitazama, "Akipanda, siye tunapanda vilevile."

Nilielewa. Nilikuwa na njia nyingi, Gisèle. Ningeweza kusema basi, hatuchezi. Ningeweza kucheza mchezo mwingine usio na ngoma. Zaidi ya yote ningeweza kutembea dakika kumi hadi kwa Etienne na kumwambia kilichosemwa. Lakini nilikuwa na hamu ya ukumbi uliojaa. Miezi yote ile nilikuwa nimeshona nguo za maziko tu, na nilitaka watu wanione mimi, niwalize kwa kitu cha uongo kitakachoisha vizuri. Basi nikapata akili. Ndivyo nilivyoiita, akili. Nilisema moyoni, watu hawataki kumwona, lakini hawakusema hawataki kumsikia.

Nilimwambia Etienne mambo mawili ya uongo. La kwanza, kwamba mchezo ni Jumapili ya wiki inayofuata. La pili, kwamba tunataka kuwa na kaseti ya kumbukumbu, maana kwa vita hii huwezi kujua.

Alikuja Alhamisi mchana, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuja mapema. Alivaa shati jeupe. Kwa ajili ya kaseti! Kana kwamba kaseti inaona. Ulishika radio kaseti ya shangazi yako, umepiga magoti hapohapo ninapoandika sasa. Alipokaa na ngoma yake, akakataa kuanza.

"Weye simama pale, ulie," akaniambia. "Bila mugongo yako mi nitakata wapi?"

Kwa hiyo nikapiga magoti hapa sebuleni na kulia kilio cha mjane, nikimlilia mtu niliyekuwa namdanganya, na yeye akanifuata mpaka mwisho kwa uaminifu wote. Alipomaliza alipangusa uso na kukuuliza, "Gisèle, imeisha? Nifanye tena?" Wewe ukacheka, ukabonyeza kitufe cha kusimamisha, ndipo ukamjibu. Jibu lako halimo kwenye kaseti. Swali lake limo.

Sasa soma hapa polepole. Mimi nilijua kwamba limo.

Ijumaa nilisikiliza kaseti nzima mara mbili wewe ukiwa kisimani. Mara zote mbili nilimsikia mwishoni akiuliza. Nikajiambia, nitamwonyesha Gisèle akate kwenye pigo la mwisho kabisa. Sikukuonyesha. Jumamosi nilikuwa na kitenge cha mjane cha kupunguza. Jumapili asubuhi nilikumbuka tena, nikiwa mbele ya kioo, lakini kilemba kilikataa kukaa, nikakifunga mara tano, na jambo lenyewe likanitoka. Kwa sababu ya kilemba, mwanangu. Ningependa kuwa na sababu kubwa zaidi ya kukupa, lakini sina.

Mchezo ulianza baada ya misa, saa nane. Hujawahi kuniuliza nilivyojisikia pale mbele, nami nataka kukuambia. Nilijisikia kiziwi. Ukumbi ulikuwa umejaa hadi madirishani, na nilipoinama kulia, walilia pamoja nami, kilio cha kweli, maana hapakuwa na nyumba isiyokuwa na mtu wake barabarani, aliyekimbia vita. Kilio kikarefuka. Etienne angesubiri. Kaseti haikusubiri. Ngoma ilikatika nikiwa katikati ya pumzi, watu wakakohoa, wakatazamana, Faustin yuko nje anangoja kilio kiishe kwanza. Alipoingia, ngoma ya furaha ilikuwa tayari inapiga, peke yake, kwa ajili ya hakuna mtu. Sisi tuliikimbilia ile ngoma mpaka mwisho wa mchezo na hatukuifikia. Nilikuwa nikisikia mikono ya rafiki yangu, na mikono ile haikujua kama nipo.

Hata hivyo walipiga makofi, walikuwa na njaa ya kupiga makofi. Tukasimama mstari mmoja, tumeinama. Na hapo, katikati ya makofi, nyuma ya rido:

"Gisèle, imeisha? Nifanye tena?"

Walicheka kwanza. Hilo huwa sikumbuki kulisema: walicheka vizuri, kwa kumpenda. Unajua desturi yetu, mchezo ukiisha mpiga ngoma anatoka mbele na kumwita kila mwigizaji kwa ngoma yake. Bibi mmoja wa benchi la kwanza akaita, "Etienne! Toka tukuone!" Na wengine wakaitikia, "Etienne! Etienne!" Halafu wale vijana wakasimama nyuma, na kicheko kikaisha benchi moja baada ya jingine. Mmoja akauliza kwa sauti, "Kumbe mulimuficha?"

Walipanda jukwaani na kuvuta rido. Hapakuwa na Etienne. Ulikuwepo wewe, una miaka kumi na sita, umekumbatia radio kaseti, unabonyeza vitufe vyote kwa pamoja. Mimi nikakupiga kofi mbele ya watu wote, nikapiga kelele, "Nilikuambia ukate!"

Sikuwa nimekuambia. Wewe ulijua sikuwa nimekuambia, nami niliona ukianza kusema, kisha ukaniangalia na kunyamaza. Tangu hapo nimelitafutia kofi lile maelezo mengi. Nimejiambia lilikuokoa, kwamba wale vijana walipoona mama anampiga mtoto walilegea, wakaona ni upumbavu wa watoto na kaseti ya zamani. Pengine ni kweli. Lakini mkono ulipoinuka haukuwa ukifikiria kukuokoa. Uliinuka kwa aibu. Nilitaka watu waone kosa lina mwenyewe, na mwenyewe si mimi.

Jioni ile ulisema mara moja tu, "Mama, watamtafuta kwa ajili yangu." Nikakuambia ulale.

Sasa lililo zito kuliko kofi, na hili hulijui. Asubuhi yake, wewe ukiwa bado umelala, Etienne alikuja hapa. Alikuwa na baiskeli, ngoma imefungwa nyuma. Mkewe na watoto walikuwa wametangulia njia ya Komanda na watu wengine. Hakuketi.

"Sikuya kuleta kelele," akasema. "Walisema ulimupiga mutoto."

Nikasema ndiyo.

"Hii ngoma ni ya Gisèle. Umwambie hana kosa. Ule aliongea ni mi, haikuwa yeye."

Akaifungua kamba, akaiweka mlangoni. Mimi nilikuwa nimesimama tu, nimeshika fagio. Nikaanza kumwomba msamaha, maneno yakaja yote kwa pamoja, vijana, ufunguo, watu wa hapa. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Ungeniambia tu, Mama Gisèle," akasema. "Ningebaki ku nyumba. Kaseti ningekupatia mi mwenyewe."

Akapanda baiskeli akaenda.

Ulipoamka ukaikuta ngoma, ukaniuliza. Nilikujibu kwamba Etienne amekimbia na kuiacha kwa haraka. Ukauliza, "Hakusema kitu?" Nikasema, "Hakusema kitu." Ukauliza mara ya pili, "Hata kidogo?" Nami nikarudia. Ningekupa maneno yake ningelazimika kukueleza kwa nini wewe huna kosa, na kosa lingerudi nyumbani kwa mwenyewe. Nilifikiri utasahau. Badala yake nikakuona ukiacha kuimba kwanza kanisani, halafu jikoni. Ungo ukawa wa kupepetea mchele tu. Nilikuwa natazama, na neno la kukuponya nilikuwa nalo mfukoni, nikalikalia miaka mitatu.

Unakumbuka tulivyokimbilia kambini kule uwanja wa ndege, ukanikasirikia kwa kubeba ngoma na kuacha sufuria kubwa. Nilikujibu kwamba ngoma inafaa kukalia. Ulinicheka pamoja na uchovu wako wote. Ukweli ni kwamba haikuwa yangu kuiacha. Ilikuwa yako, na nilikuwa bado sijakupa.

Ule mchezo sikuucheza tena, wala mwingine. Si vita tu iliyonizuia. Nimekuwa nikiwaambia watu kwamba sina wachezaji, lakini Faustin ameniuliza mara mbili. Jambo nililojifunza ni dogo na nilijifunza vibaya: nilidhani naweza kuchukua sauti ya mtu na kumwacha mtu mwenyewe nje. Kisangani wana mashine nzuri za muziki, umeniambia, na sina ugomvi na mashine. Wewe utaona mwenyewe.

Yule mfanyabiashara wa chumvi anayekuchukua kesho ananiambia mtalala Nia-Nia siku mbili au tatu kwa sababu ya matope. Aliniambia na jingine, bila kujua anamwambia nani. Alisema kule Nia-Nia kuna kanisa la wachimba dhahabu, la mbao, na kuna fundi wa baiskeli anayewapigia bidoni la njano, dumu tupu la maji, wakati wa nyimbo. Wanamcheka kwa sababu huwa anakata katikati na kutazama migongo ya watu. Sina hakika kuwa ni yeye. Lakini sijui mwingine.

Usimwombe msamaha kwa ajili yangu. Wangu nitaupeleka mwenyewe, nikipata njia na nikipata ujasiri, na pengine utanitangulia kwa miaka. Wala sikuombi unisamehe kabla ya kesho ili niagane nawe vizuri. Kasirika ukitaka, panda pikipiki bila kunitazama, nitaelewa. Mimi ndiye niliyekosea, nilikupiga kwa kosa langu, nikakuficha neno lako. Najuta kila ninaposikia nyumba hii ilivyo kimya.

Ngoma nimeipangusa vumbi na kuikaza kamba. Nimeiweka mlangoni, palepale alipoiacha, utaikuta ukirudi kutoka Shari. Kaseti iko kwenye bahasha hii. Fanya nayo upendavyo.

Ila kama ni yeye, mwanangu, kumbuka kwamba alikuuliza swali mbele ya ukumbi mzima, nami nilikupiga kabla hujafungua kinywa. Mkute, kaa karibu naye kama zamani, na umjibu.

Mama yako